Chupa ya Katikati

Mtaani walimwita Pua, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Duka lake la manukato lilikuwa chumba chembamba kati ya kinyozi na duka la miwani. Wakiingia watu watatu, wa nne alisubiri nje. Rafu ya kulia ilikuwa ya wanaume, rafu ya kushoto ya wanawake, na katikati palikuwa na kaunta ya kioo yenye bakuli la punje za kahawa, ambazo mteja huzinusa ili pua ipumzike kabla ya kuonja harufu nyingine. Nyuma ya kaunta alikaa Pua mwenyewe na sindano zake za plastiki zisizo na ncha, akivuta mafuta kutoka chupa kubwa na kuyadondosha kwenye chupa ndogo, tone baada ya tone, ulimi ameubana kwenye meno.

Wauza manukato hawakuwa haba mjini. Kilichomtofautisha Pua na wenzake ni kadi. Mbele ya kila chupa aliegemeza kadi nyeupe aliyoiandika kwa mkono wake, na kadi hiyo haikusema hata neno moja kuhusu waridi wala sandali. Ilieleza tabia ya mtu anayepaka manukato hayo. "Huyu akikuudhi asubuhi, mchana ameshasahau, na anakushangaa wewe kwa nini bado umenuna." "Huyu huwahi kila mahali kwa nusu saa, kisha hujificha nje asionekane amewahi." Watu walikuja kuzisoma kadi kama wanavyosoma gazeti, wakasukumana viwiko, wakachekana, halafu wakanunua. Mwalimu mmoja wa kemia alisoma kadi ya pili kutoka mwisho, uso ukambadilika, akauliza ni nani aliyemsema. Hakuna aliyemsema. Pua alikuwa na macho tu, na tuseme ukweli, kipaji chake hakikuwa cha kubahatisha.

Ila alikuwa na ugonjwa wake, nao ulikwenda sambamba na kipaji. Akishamjua mtu kiasi cha kuweza kumwandika mistari minne, aliona amemmaliza. Aliweka kalamu chini, akapumua, akamgeukia mwingine. Kwa wateja haikuwa na neno, maana mteja anakuja na kuondoka. Nyumbani alikuwa na mke.

Mkewe watu walimwita Fundi, na mpaka leo wapo wanaodhani alikuwa mshonaji. Walimletea vitambaa, wakataka kupimwa mabega. Fundi hakuwahi kushona hata mto. Yeye alitengeneza cherehani zenyewe: alizunguka kwenye viwanda vidogo vya nguo na vyumba vya washonaji akiwa na mkoba wa bisibisi, mikanda ya akiba na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, akalala chali chini ya mashine iliyogoma na kuanza kuisemesha. "Wewe leo umekula nini?" aliiuliza ile iliyokuwa inatafuna uzi. Kisha alicheka peke yake kule chini, miguu tu ikionekana, na washonaji walikuwa wameshamzoea.

Mwanamke wa namna hiyo utampaka nini? Pua alihangaika mwaka mzima. Alimletea waridi kutoka rafu ya kushoto, lakini vidole vya Fundi vilikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani isiyotoka kwa sabuni yoyote, na waridi likikutana na mafuta hayo lilinuka kama shada lililoangushwa gereji. Akamjaribishia ya rafu ya kulia, yale ya ngozi na tumbaku, Fundi akasema yanamfanya ajisikie amevaa koti la shemeji yake. Mwishowe, Jumapili moja duka likiwa limefungwa, alimwambia mumewe akatembee kidogo, akakaa mwenyewe nyuma ya kaunta na sindano. Pua aliporudi alikuta kichupa kimoja kidogo na mkewe anajinusa kiwiko, ameridhika.

Alimshika mkono, akaunusa. Akaunusa tena. Alipata ganda la limau, akapata majani makavu ya chai, akapata sandali kidogo kwa mbali, na chini ya hivyo vyote kitu kingine ambacho pua yake ilikipita bila kukishika. Hayakuwa manukato ya kuvutia mtu aje. Yalikaa karibu na ngozi, na aliyeyataka ilibidi asogee.

"Ni ya kike au ya kiume?" akauliza, maana alikuwa anatafuta rafu.

"Ni yangu," Fundi akasema.

Akamwomba jambo moja tu: haya asiyauze. Auze mengine yote, auze na kaunta ikibidi, lakini haya yabaki ya nyumbani. Pua akaapa, tena kwa kicheko, kama mtu anayeombwa asiuze mlango wa nyumba yake. Binti yao alikuwa na miaka minane wakati huo, alikuwepo, na baadaye alikumbuka kiapo hicho neno kwa neno kuliko alivyokikumbuka baba yake.

Miaka ilikwenda vizuri. Halafu mama yake Fundi akafa, ghafla, katikati ya wiki, na Fundi akaenda, akazika, akarudi, akachukua mkoba wake wa bisibisi. Watu wakasema ana moyo mgumu. Pua peke yake ndiye aliyejua. Kila siku alasiri mkewe alipotoka kazini aliingia bafuni, akafungua bomba la maji, nalo likatiririka muda mrefu kuliko anaohitaji mtu kuoga. Pua alikaa sebuleni na kusikia kilichokuwa chini ya sauti ya maji. Kisha bomba lilifungwa, Fundi akatoka ameosha uso, amepaka manukato yake upya shingoni, akamuuliza mumewe kama amekula. Pua akajibu ndiyo, au bado. Ilikwenda hivyo miezi miwili.

Hakubisha hodi hata mara moja. Alijiambia ndivyo alivyo huyu, hapendi kuingiliwa, na kumwacha ndiyo kumheshimu. Labda siku ya kwanza ilikuwa heshima. Siku ya arobaini ilikuwa uvivu, na baadaye Pua alijisema hivyo mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu.

Mwaka uliofuata duka jipya la manukato likafunguliwa mwisho wa mtaa, lina taa hadi sakafuni na rafu moja ndefu isiyobagua mtu. Vijana wakaanza kuingia kwa Pua wakiuliza kama ana ya wote, ile ambayo kaka anapaka na dada anapaka, na wakiona rafu zake mbili walitazamana. Mmoja alimuuliza kwa adabu zote kama wanaume huingilia mlango mwingine. Pua alicheka nao, lakini lilimuuma. Alijaribu kuchanganya kitu cha katikati, kikatoka hakina kichwa wala miguu. Kisha dereva mmoja wa lori, jitu la miraba minne, akaegemea kaunta na kusema alikuwa kiwandani kupakia sare za shule, akapita karibu na fundi wa cherehani, na harufu aliyoipaka yule mama ndiyo anayoitaka yeye.

Hapo ndipo angesema hapana. Alikuwa na muda wa kutosha wa kusema hapana.

Ilimchukua wiki tatu kuyaiga kwa pua tu, bila kugusa kichupa cha mkewe, na jambo hilo alilihesabu kuwa uungwana. Limau, chai, sandali. Kile kitu cha chini hakukipata, akaamua kwamba ni ngozi ya Fundi tu, akakiacha. Kisha akaketi kuandika kadi. Kadi nyingine zilimchukua siku nzima ya kufuta na kurudia, lakini hii aliiandika kwa mkao mmoja, maana mwenyewe alikuwa naye nyumbani.

"Huyu si wa kulia wala wa kushoto. Huongea na vitu kuliko anavyoongea na watu, na vitu humsikia. Hucheka akiwa peke yake. Akiwa na huzuni hufungua bomba la maji usimsikie, kisha huosha uso, akatoka, akakuuliza kama umekula. Ukimpata, usimuulize kitu."

Aliisoma mara mbili, akaipenda mno. Chupa haikuwa na rafu, kwa hiyo akaiweka juu ya kaunta, kando ya bakuli la kahawa, na watu wakaanza kuiita ya katikati. Walinunua madereva, wakanunua wauguzi, bwana harusi na bibi harusi wakanunua chupa moja wakagawana. Kila mmoja alisoma kadi na kusema huyu ni mimi. Duka la taa mwisho wa mtaa likabaki linaangaza sakafu yake. Pua alikuwa na nia ya kumwambia mkewe. Alipanga kumwambia Jumamosi, Jumamosi ikipita alipanga nyingine, na kwa kuwa Fundi alikuwa akiumwa kichwa kwa harufu nyingi na hakuwa akija dukani, Jumamosi zikafika miezi minne.

Jinsi Fundi alivyojua ni hivi. Alikuwa chini ya mashine katika kiwanda kile cha sare, na msimamizi wa chumba, mwanamke mcheshi asiye na nia mbaya, akainama na kumwambia kumbe na wewe umo, siku hizi hiyo tunapaka sote, na ile kadi imekuandika wewe kabisa, hasa pale pa bomba. Fundi akauliza kadi gani. Msimamizi akaitoa kwenye simu yake, kwa kuwa aliipiga picha, ila mwanga wa simu ulikuwa hafifu na Fundi hakuisoma yote. Alitoka chini ya mashine, akafuta mikono, akaacha mkanda haujafungwa, akaenda kwa miguu mpaka dukani.

Kulikuwa na wateja watatu. Fundi akasimama nje, akasubiri nafasi. Mmoja alipotoka akaingia, na Pua alipoinua macho sindano ilikuwa mkononi imejaa, hakujua aiweke wapi. Wasichana wawili walikuwa mbele ya kaunta. Mmoja alimsomea mwenzake kadi kwa sauti, akafika pale pa bomba, akashika kifua kwa mzaha na kusema jamani nimeandikwa. Mwenzake akacheka. Fundi akawapisha watoke, kisha akainama kidogo na kuisoma kadi kutoka mwanzo, polepole, na midomo ikicheza.

Alipomaliza hakuuliza habari ya kiapo. Pua alikuwa amejiandaa kwa kiapo. Maneno ya kujitetea yalikuwa yamepangwa mdomoni tangu Jumamosi ya kwanza.

"Kwa hiyo ulikuwa unasikia," Fundi akasema.

Pua akasema alidhani anataka kuachwa. Fundi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia ya kwenda mahali, akatoka, akarudi kiwandani kumalizia mkanda.

Hakukuwa na ugomvi. Ungekuwepo ugomvi Pua angejua pa kushika. Aliiondoa kadi kesho yake na chupa keshokutwa, lakini kadi ilishaenea kwenye simu za watu, na duka la taa likaichapisha kwa herufi za dhahabu na kuuza ya kwao. Aliomba radhi mara tatu, kwa maneno mazuri. Kila mara Fundi alisema yameisha. Akapika, akaulizia habari za dukani, akacheka kwa adabu Pua alipotania. Ila manukato hakupaka tena. Kichupa chake alikimwaga kwenye sinki, akakisuuza na kukitilia mafuta ya cherehani ya akiba. Na bomba la bafuni tangu siku hiyo lilitiririka kwa muda wa mtu kuoga, basi. Hata alipofiwa na kaka yake, Pua alikaa sebuleni ametega masikio, na safari hii aliapa moyoni kwamba atabisha hodi. Maji yakafunguliwa, yakafungwa. Alilia wapi, kama alilia, mumewe hajui hadi leo.

Ikapita miaka kumi na moja. Binti akaolewa, akahamia mji mwingine, na siku moja katika simu na baba yake akataja kwa furaha jinsi mama alivyowavunja mbavu Jumamosi kwa kina mama mdogo, anaiga mashine na wenye mashine, watu wakalala chini kwa kucheka. Pua akauliza Jumamosi ipi. Binti akashangaa. "Kila Jumamosi, baba," akasema. "Kwani huwa anakuaga anakwenda wapi?" Fundi alikuwa akiaga kila Jumamosi, naye Pua alikuwa akisema haya, safari njema, bila kunyanyua uso kwenye sindano.

Simu ile ilimkaa kooni wiki nzima. Wivu haukuwa na nafasi pale, maana kwa mama mdogo si kwa mtu baki. Alijuta tu, juto la kumkosesha mtu usingizi, kwa sababu aligundua kwamba kule kwa mdogo wake, Fundi alikuwa mtu kamili, mwenye vichekesho na hadithi, na kwake yeye alikuwa mpangaji mwema. Akataka kitu kimoja tu kabla hajazeeka zaidi: siku moja mkewe atoke bafuni amepaka kitu shingoni, na yeye awe wa kusogea.

Wiki hiyohiyo bawaba ya mlango wa duka ikaanza kulia. Pua akachukua kopo la mafuta la mkewe kutoka mkobani nyumbani, akaenda nalo dukani, akadondosha tone, na tone likamwagikia kidoleni. Alipopandisha kidole puani akasimama kama aliyeitwa. Ndicho. Kile kitu cha chini alichokipita ndicho hiki. Limau, chai, sandali, na mafuta ya cherehani. Fundi aliyachanganya manukato yake juu ya mafuta makusudi, si ili kuyafunika. Pua, mwenye pua yake, alikaa na harufu ile ndani ya nyumba miaka mingi mpaka akaacha kuisikia. Akaona aibu kama mwizi, na nyuma ya aibu akaona tumaini, tumaini la kipuuzi kidogo. Kama aliyoyauza hayakuwa na mafuta, basi aliyoyauza hayakuwa ya mkewe. Ya mkewe hayajawahi kuuzwa.

Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo jirani yake kinyozi alilisimulia kwa siku kadhaa, akachanganya upya, safari hii na tone la mafuta yale. Hakubandika karatasi wala hakuandika kadi. Akaenda nyumbani na ile chupa mfukoni, ameushika mfuko kwa nje kama mtu aliyebeba yai.

Fundi alikuwa kwenye meza karibu na dirisha, amefungua kichwa cha cherehani kuukuu, skrubu amezipanga kwa safu juu ya gazeti. Pua akaeleza yote kwa pupa: bawaba, kidole, kile kitu kilichokosekana, kwamba watu wote wale walipaka kitu kingine. Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono, akachukua chupa, akanusa, akafumba macho kwa kitambo. Pua aliona kifua cha mkewe kikijaa pumzi.

"Ni nzuri," akasema.

"Ni yako peke yako. Dukani haitakaa. Kadi sijaandika."

"Ungeandika, ungeandikaje?"

Swali hilo Pua alilichukulia kuwa mlango umefunguliwa. Akaketi vizuri. Sauti yake ya dukani ikamjia yenyewe, ile ya kusoma watu.

"Huyu huongea na mashine," akasema. "Hucheka peke yake. Akiwa na huzuni..."

Akakwama, kwa sababu kilichofuata ni bomba, na bomba halikuwa na habari yoyote miaka kumi na moja.

"Endelea," Fundi akamwambia, kwa upole, kama anayemsubiri mtoto asome mstari unaofuata.

Pua akatafuta. Anachokiogopa siku hizi. Kilichomchekesha Jumamosi. Anayemlilia, na wapi. Anachofikiria akikaa dirishani hapo na bisibisi haijazunguka. Ameandika watu mia na zaidi, wengine kwa kuwatazama wakivuka mlango tu, na kwa huyu aliyelala naye kitanda kimoja hakupata mstari hata mmoja wa sasa.

"Huyo uliyekuwa unamsema ulishamuuza," Fundi akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Pua. "Yule alikwenda na watu, mume wangu. Huyu aliyebaki humjui. Hujawahi kumuuliza kitu."

Akakifunga kifuniko cha chupa, akakikaza barabara kwa vidole vya kazi, akamrudishia chupa mkononi, maana meza ilikuwa imejaa skrubu nayo chupa ingeweza kumwagika. Kisha akashika bisibisi.

Pua akabaki amesimama na chupa. Alitaka kuuliza, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alitaka kuuliza kuliko kujua. Lakini maswali ya miaka yote yalikuwa yamerundikana, na hakujua anayeanza kuyatoa huanza na lipi bila kuonekana anachukua vipimo vya kadi nyingine.

"Unanizibia mwanga," Fundi akasema, bila kuinua kichwa.

Pua akasogea pembeni.